Kalamu ya Wino ya Marehemu Babu: Namna ya Kujua ni Modeli Gani

Swali huja karibu kila wiki, na picha yake ni ile ile: kalamu ya wino imelazwa kwenye kitambaa cha meza, kifuniko kimefungwa, mwanga hafifu. "Hii ni Parker gani, na ni ya mwaka gani?" Kwa picha hiyo siwezi kukujibu, na atakayekujibu anabahatisha. Kalamu iliyofungwa inakuonyesha kifuniko na nusu ya kiwiliwili, na katika kalamu nzima hakuna kipande kinachosema uongo kama kifuniko. Hupotea, hukanyagwa, huazimwa, halafu mwenyewe hununua kingine kinachoingia na maisha yanaendelea.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea kalamu ya baba yake, aliyekuwa karani wa mahesabu. Kifuniko cha chuma, kimechubuka, kimeandikwa Made in England. Nyumbani walishakubaliana kuwa ni ya miaka ya sitini. Nilipoigeuza na kuangalia mkia wake kwa kioo cha kukuzia nikakuta mstari mwembamba kama unywele, na maandishi ya kiwiliwili yanasema U.S.A., pamoja na tarakimu 6 na nukta moja. Kiwiliwili kilitengenezwa Marekani mwaka 1946. Kifuniko kilikuja baadaye, kutoka kiwanda kingine, ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo kazi yote tutaifanya kwa kuanzia ndani kwenda nje, na kifuniko tutakiacha mpaka mwisho. Nitakaa zaidi kwenye Parker, hasa modeli ya 51 na ndugu zake, kwa sababu ndizo ninazoletewa mara nyingi. Viwanda vingine nitavigusa kwa kadiri ya kukuelekeza.

Andaa hivi kwanza

- Kioo cha kukuzia. Kile cha fundi saa cha kubana jichoni kinatosha kabisa.
- Tochi ndogo, au taa ya simu.
- Rula yenye milimita.
- Kitambaa laini cha pamba.
- Kipande cha tyubu ya baiskeli, cha ukubwa wa kiganja. Hiki ni cha kushikia vitu visivyotaka kufunguka.
- Chaki nyeupe.
- Daftari. Utaandika unachokiona kabla ya kuandika unachokidhani.

Koleo weka mbali. Spiriti nayo usiisogeze, hata kama kalamu ni chafu namna gani, kwa sababu huharibu na kupasua plastiki za zamani. Wala usiitose kalamu nzima kwenye maji kabla hujajua imetengenezwa kwa nini. Kalamu nyingi za Kiingereza za zamani, Conway Stewart zikiwemo, zilitengenezwa kwa kasini, plastiki itokanayo na maziwa. Ukiiloweka huvimba, kisha hupasuka. Eboniti, ule mpira mgumu mweusi wa kalamu kongwe zaidi, hubadilika kuwa kahawia ukikutana na maji ya moto. Kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha kwa leo. Kuisafisha ndani ni kazi ya siku nyingine.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa

Piga pande zote, ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Watu huruka hatua hii, halafu kipande kidogo kinadondoka na hawakumbuki kilikaa wapi.

Hatua ya 2: Tafuta kiwanda

Jina la kiwanda hukaa sehemu tatu: kwenye kiwiliwili, kwenye nibu (ile ncha ya chuma inayoandika), na kwenye ukingo wa kifuniko au klipu. Andika yote matatu. Yakitofautiana, usiamini la kifuniko.

Kama maandishi yamefifia, pakaza unga kidogo wa chaki kwa kidole, futa juu juu, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Kivuli ndicho kinachosoma herufi, mwanga wa utosini huzifuta.

Ukikuta si Parker, haya yatakusaidia kuanza. Conway Stewart huandika namba ya modeli waziwazi kwenye kiwiliwili, kama 58 au 84, na hapo kazi yako imekwisha. Waterman za zamani zina namba mwishoni mwa kiwiliwili: katika 52, tarakimu 5 ina maana ya kalamu ya kujaza kwa kijiti cha ubavuni, na 2 ni ukubwa wa nibu. Sheaffer ambayo ukizungusha kitako chake kijirija chembamba kinachomoza chini ya nibu ni Snorkel, iliyoanza 1952. Pelikan yenye mistari mistari na kitako cha kuzungusha huenda ni ya ukoo wa 400, ulioanza 1950.

Sasa tahadhari kubwa ya hatua hii. Si kila namba ni modeli. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu "Montblanc 4810". Hakuna kitu hicho. 4810 ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita, na huchorwa kwenye nibu. "585" na "14K" ni kiwango cha dhahabu. Kwenye Esterbrook namba kubwa iliyo kwenye nibu ni ya nibu tu, nayo hufunguliwa kwa mkono na kubadilishwa na nyingine dakika hiyo hiyo. Nukta nyeupe ya Sheaffer na almasi ya buluu kwenye klipu ya Parker zilikuwa alama za dhamana ya kiwanda, si majina ya kalamu.

Hatua ya 3: Vuta kifuniko, usikizungushe

Anza kwa kuvuta taratibu. Parker 51, 21, 61 na 45 zote hufunguliwa kwa kuvuta. Kikigoma, ndipo ujaribu kuzungusha, kinyume cha saa, bila nguvu. Duofold na Vacumatic, modeli za Parker zilizoanza kabla ya 51, huzungushwa.

Kama kalamu yako ina sura ya 51 lakini kifuniko chake kina nyuzi za skrubu, usiende mbali: hiyo ni 51 mpya, iliyorudishwa sokoni 2021. Nzuri, lakini haikuwa ya babu.

Hatua ya 4: Angalia nibu bila kuing'oa

Swali ni moja: nibu iko wazi, imefunikwa nusu, au imefichwa kabisa?

Ikiwa wazi, una Duofold, Vacumatic au mojawapo ya ndugu zao. Parker za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960, zile Duofold na Slimfold, mara nyingi zina namba ndogo kwenye nibu, na hapa namba inasaidia kweli: 5 ni ya Slimfold, 35 ni ya Duofold Senior, 50 ni ya Maxima. Ila nibu nazo hubadilishwa, basi ilinganishe na ukubwa wa kiwiliwili. Nibu 50 kwenye kijikalamu chembamba ni ndoa ya kulazimisha.

Ikifunikwa nusu, yaani unaona kipande kifupi cha chuma au dhahabu kinachochomoza shingoni, fikiria Parker 45, iliyotoka 1960.

Ikifichwa kabisa, ukaona ncha tu kama mdomo wa chiriku, uko kwenye familia ya 51. Angalia mgongo wa shingo. Ukikuta mshale mdogo wa chuma umepachikwa ndani ya plastiki, hiyo ni 61, ya kuanzia 1956. Wakati mwingine mshale umeshadondoka na limebaki shimo la umbo lake. Shimo nalo ni ushahidi.

Kwenye ncha, tumia kioo uone rangi. Ya njano ni dhahabu ya karati 14. Nyeupe ni Octanium, mchanganyiko wa metali nane ambao Parker waliutumia kwenye 21 na kwenye 51 Special, ile 51 ya bei nafuu iliyotoka 1950. Usifungue shingo ili uone zaidi. Imegandishwa kwa gundi, na hujui imekauka kiasi gani.

Hatua ya 5: Jua inajazwaje wino

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na dakika tano tu, fanya hii uache zote.

Shika kalamu karibu na mwanga, uchunguze kiwiliwili kutoka pete ya chuma iliyo shingoni mpaka mkiani, ukizungusha polepole chini ya kioo. Unatafuta mstari wa maungio karibu na mkia. Katika 51 za awali mstari huo umekaa vizuri mno hata kucha haiukamati.

*Ukiuona mstari:* una 51 ya Vacumatic, yaani 51 yenye mfumo wa kujaza wa ile modeli ya Vacumatic, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1941 hadi 1948. Kile kipande cha mkiani ni kofia. Ifungue kwa vidole, ukikosa tumia tyubu ya baiskeli. Ndani kuna kipini cha kubonyeza. Usikibonyeze kama kimekauka, kiache. Kipini cha alumini kinakupeleka mwanzoni kabisa mwa utengenezaji. Kuanzia 1942 vita viliwapeleka kwenye plastiki. Angalia pia ncha ya mkia: zenye kijiwe mkiani kama kile cha juu ya kifuniko wapenzi wa kalamu huzithamini zaidi.

Na hapa ndipo kalamu nyingi huvunjika. Mtu hajauona mstari wa mkiani, anadhani inafunguka kwenye pete ya shingoni, anakaza mkono. Kwenye Vacumatic maungio hayo yamefungwa kwa gundi. Utasikia *ka*, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya kalamu ya babu.

*Usipouona mstari:* jaribu kufungua pale shingoni, kwa upole, kinyume cha saa. Kiwiliwili kikitoka, angalia kilichobaki mkononi.

Bomba la chuma lililofunika kifuko cha wino, lenye kipande cha kubonyeza chenye mifereji mifereji, na maandishi ya Parker 51 na maelekezo ya kujaza: hiyo ni 51 ya Aerometric, ya kuanzia 1948. Kifuko chake ni cha plastiki inayoonyesha ndani na kinadumu ajabu. Nimefungua za miaka sabini zikavuta maji kama za jana.

Chuma chepesi, kilicho wazi zaidi, na kalamu nzima inayoonekana ya bei ndogo kidogo: fikiria 21, iliyoanza 1948. Mulika shingo yake. Plastiki ya 21 hupasuka, na mipasuko midogo karibu na pete ni kama saini yake. Klipu za 21 za mwanzo hazina manyoya ya mshale. Klipu ya mshale ilikuja na Super 21, toleo la baadaye la 21.

Bomba lisilo na pa kubonyeza kabisa: 61 ya kujijaza yenyewe. Ilisimamishwa kwa mkia ndani ya chupa, wino ukapanda wenyewe kama mafuta kwenye utambi wa koroboi. Ni ubunifu mzuri sana uliowatesa watu, kwa sababu wino ukikaukia humo kuutoa ni kazi ya siku kadhaa.

Pakiwa patupu, pana tundu la kuchomekea kichupa cha plastiki chenye wino (katriji): 45, au 61 ya miaka ya mwisho.

Halafu kuna ile inayofanana na 51 kwa kila kitu mpaka uione kwa karibu: Hero ya Shanghai, hasa 616. Ina klipu ya mshale, ina nibu iliyofichwa, ina chuma cha kubonyeza. Tafuta neno HERO au herufi za Kichina kwenye kifuniko, na ukikosa hapo angalia ubora wa chuma cha ndani na kama kuna maandishi yoyote ya Parker juu yake. Usione aibu ukikuta ni Hero. Inaandika vizuri kuliko Parker nyingi zilizotunzwa vibaya.

Hatua ya 6: Soma mwaka

Parker za Marekani za miaka ya 1940 zina tarakimu moja karibu na maandishi ya kiwiliwili. Hiyo ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Nukta zinazoizunguka zinaonyesha robo ya mwaka, nazo hupungua kadiri mwaka unavyosonga: nukta 3 ni robo ya kwanza, 2 ya pili, 1 ya tatu, bila nukta ni ya nne. Kiwandani walikuwa wakizifuta moja moja kwenye muhuri ule ule.

Utasema: tarakimu 1 ni 1941 au 1951? Rudi kwenye hatua ya 5. Kama ni Vacumatic ni 1941. Kama ni Aerometric ni 1951. Ndiyo maana nimekataa kuanza na mwaka.

Nyingi zilizotengenezwa Newhaven, kiwanda cha Parker pwani ya kusini ya Uingereza, hazina tarakimu hiyo. Kwa hizo ridhika na kipindi, usilazimishe mwaka.

Kuanzia 1980 Parker walihamia kwenye herufi, zikikaa ukingoni mwa kifuniko. Neno la kukumbuka ni QUALITYPEN: Q ni 0, U ni 1, A ni 2, L ni 3, I ni 4, T ni 5, Y ni 6, P ni 7, E ni 8, N ni 9. Herufi kuu L kwenye Parker 45 basi inaweza kuwa 1983, lakini mzunguko ulirudi tena muongo uliofuata, kwa hiyo isome pamoja na hali ya kalamu yenyewe. Na kumbuka huu ni mwaka wa kifuniko. Mimi nimeshasema kuhusu vifuniko.

Hatua ya 7: Pima

Pima urefu ikiwa imefungwa. 51 ya kawaida ina karibu sentimita 14. Ukipata karibu 13 na kiwiliwili chembamba zaidi, una Demi. Watu huiita "ya kike". Kiwandani iliitwa Demi, basi andika Demi.

Hatua ya 8: Sasa kifuniko

Linganisha nchi iliyoandikwa kwenye kifuniko na ile ya kiwiliwili. Zikitofautiana, andika hivyo hivyo kwenye daftari bila kuona haya.

Chuma cha pua chenye mng'ao hafifu, kama kimepulizwa mchanga, Parker walikiita Lustraloy na ndicho cha kawaida kwenye 51. Chuma kinachong'aa kama kioo kikiwa na kijiwe cheusi juu ni cha Special. Kikikaa kwenye kalamu yenye nibu ya njano, kuna aliyebadilisha.

Cha rangi ya dhahabu kisome ukingoni kwa kioo. "Gold filled" au "Rolled gold", pamoja na sehemu kama 1/10, maana yake ni tabaka la dhahabu juu ya metali nyingine. Kijana mmoja alipeleka cha babu yake kwa sonara, sonara akakikwangua ubavuni ili ahakikishe. Alihakikisha. Sasa kuna mkwaruzo wa shaba ambao hauondoki. Maandishi yangemwambia bure.

Hatua ya 9: Andika jina kamili

Jina zuri hufuata mpangilio huu: kiwanda, modeli, mfumo wa wino, ukubwa, nchi, mwaka au kipindi, rangi, kifuniko. Ile ya yule mama niliiandika hivi: *Parker 51 Vacumatic, ukubwa kamili, Marekani, robo ya tatu ya 1946, nyeusi, kifuniko cha Lustraloy kutoka Uingereza (si cha asili).* Mnunuzi au fundi akisoma hivyo, hana swali la kuongeza.

Kuhusu rangi, iangalie juani, mchana, si chini ya taa ya chumbani. Kosa linalojirudia ni kuita "Plum" kila 51 nyekundu iliyokolea. Plum ni zambarau, ilitengenezwa kwa muda mfupi, na bei yake iko juu. Burgundy ni ya kawaida. Wauzaji wengine hukosea kwa bahati mbaya, wengine kwa makusudi.

Ikikwama

*Kiwiliwili hakifunguki kabisa.* Rudi kutafuta mstari wa mkiani. Kama kweli haupo, shikilia maungio ndani ya kiganja dakika kumi ili joto la mwili lilainishe wino uliokauka, kisha tumia tyubu ya baiskeli. Ikigoma, acha. Kwa kuitambua tu umeshapata ya kutosha.

*Hakuna maandishi popote.* Kalamu imesuguliwa kupita kiasi, au ni ya bei nafuu isiyo na jina. Sugua kiwiliwili kwa kidole gumba mpaka kipate moto, unuse. Harufu ya salfa inaashiria eboniti, na kwa kawaida umri mkubwa.

*Nibu inasema jina moja, kiwiliwili kingine.* Fuata kiwiliwili na mfumo wa wino. Nibu taja pembeni.

*Kuna almasi ya buluu kwenye klipu, lakini ndani ni Aerometric.* Alama hiyo iliachwa wakati Aerometric zinaanza, mwishoni mwa miaka ya 1940. Inawezekana ni za mwanzo kabisa, lakini mara nyingi ni kifuniko cha 51 ya Vacumatic kilichohamia.

*Kila kitu kinalingana na 51 isipokuwa nibu iko wazi.* Angalia kama ni Parker VS, ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Kifuniko na kiwiliwili chake vina sura ya 51, lakini nibu imeachwa nje na hujazwa kwa kitufe kilicho chini ya kofia ya mkiani.

*Umefika mwisho na bado hujui.* Piga picha tano: maandishi ya kiwiliwili, nibu kwa juu, nibu kwa chini, ndani ukishafungua, na ukingo wa kifuniko. Hizo tano nitumie. Ile ya kalamu iliyolala kwenye kitambaa cha meza bakisha kwenye albamu ya familia.